Maswali ya Wasomaji: Limau la Dirishani, Maua ya Mezani

SWALI: Shikamoo Bibi. Mlimau wangu wa kwenye chungu, ninaouweka dirishani sebuleni, umezaa malimau matano na sasa yote ni manjano. Wenzangu nyumbani wanasema niyachume yote yapangwe kwenye bakuli mezani, kando ya maua tuliyoanza kununua baridi ilipopungua. Mimi nayaonea huruma. Nikiyaacha mtini yataharibika?
Mwenye Malimau Matano

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Usiyachume yote. Limau si kama ndizi au embe. Likishatoka mtini haliendelei kuiva. Lilivyokuwa siku ulipolikata ndivyo litakavyobaki, ila litazidi kukauka. Kwa hiyo ghala zuri la malimau yako ni mti wenyewe. Yaache hapo, ukate moja siku unayolihitaji. Yanaweza kukaa wiki kadhaa bila shida. Usipitilize tu, maana likikaa mno ganda hunenepa na maji hupungua. Lipime kwa mkono: limau lililo tayari ni zito kuliko linavyoonekana.

Wala usilivute. Ukilivuta, kikonyo hung'oka na kipande cha ganda, na penye jeraha ndipo ukungu unapoingilia. Chukua mkasi, kata ukiacha kikonyo kifupi. Mimi hupenda kulikata pamoja na majani yake mawili, kwa sababu jani la mlimau nalo linanukia. Lipekeche kati ya vidole unuse.

Kisha, kabla hujalipasua, lisogeze penye mwanga ulitazame. Ganda zima lina vitone vidogo vidogo, na kila kimoja ni kifuko cha mafuta. Likwaruze kidogo kwa ukucha. Kinachokurukia ni mafuta hayo, na ndiyo yenye ile harufu tunayoipenda. Maji ya ndani yana ukali zaidi kuliko harufu. Malimau mengi ya dukani hupakwa nta yasikauke safarini, na hata yasiyopakwa yamekaa njiani na kwenye maghala muda mrefu. La kwako limetoka mtini hadi kisuni kwa hatua chache. Watu wakiniuliza kuna faida gani kuhangaika na mti unaozaa matunda matano, nawapa limau nawaambia wakwaruze.

Kuhusu bakuli kando ya maua, msiwe na wasiwasi. Malimau mazima hutoa kidogo sana ile gesi ya ethilini inayozeesha maua. Matofaa na ndizi ndizo zinazotoa nyingi, hizo zikae mbali. Ila limau likishika ukungu wa kijani litoe siku hiyohiyo, kwa sababu ukungu huo wenyewe hutoa ethilini kwa wingi.

SWALI: Bibi, shikamoo. Mlimau wangu ulijaa maua nyumba nzima ikanukia, kisha yakapukutika karibu yote. Vitunda vilivyobaki, vikubwa kama njegere, navyo vinadondoka. Nimekosea wapi?
Mwenye Mlimau Bila Limau

JIBU: Marahaba. Huenda hujakosea popote. Mlimau huchanua maua mengi kuliko matunda unayoweza kuyabeba, na mengi huanguka hata shambani. Ndani ya nyumba kuna upungufu mwingine: hakuna nyuki, hakuna upepo. Uzuri ni kwamba mlimau hauhitaji mwenzake, chavua yake yenyewe inatosha. Tafuta brashi ndogo laini ya rangi, iguse vumbi la manjano katikati ya ua, kisha pitisha kwenye kile kijiti cha kati cha ua jingine, ambacho ncha yake hunata. Rudia siku chache, maua yakiwa yamefunguka vizuri. Mimi naipenda kazi hii, kwani inakulazimu kulitazama ua kwa karibu: chipukizi lina rangi ya zambarau kwa nje, halafu linafunguka jeupe ndani, nene, lenye harufu tamu isiyofanana kabisa na ya tunda.

Vitunda vikidondoka, angalia kwanza joto kavu. Chungu kilicho karibu na hita hukausha mti upesi. Mlimau hupenda kukaa msimu wa baridi penye mwanga mwingi na ubaridi wa wastani, si sebule yenye joto kali. Pili, maji. Ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu juu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Mizizi ikilowa kila siku inaoza, na majani huwa manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Uwe na subira pia. Kutoka ua hadi limau la manjano huchukua miezi 6 hadi 9, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana mti huohuo unaweza kuwa na maua mapya na matunda yaliyoiva kwa wakati mmoja. Ukifika hapo, weka kiti karibu nao.

SWALI: Nimeotesha mbegu ya limau. Nitakula lini?
Asiye na Haraka

JIBU: Huenda miaka mitano, huenda kumi na zaidi. Kama unataka tunda mapema nunua mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kijiti cha mlimau unaozaa tayari. Huo wa mbegu utunze kwa ajili ya majani yake.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nilichanganya maua ya tulipu na dafodili kwenye chombo kimoja, nikatia vipande vya limau majini vipendeze. Tulipu zimelala siku ya pili. Ni limau?
Mpenda Rangi

JIBU: Marahaba mwanangu. Wa kwanza kulaumiwa ni dafodili. Bua lake likikatwa hutoa ute unaowadhuru wenzake majini. Dafodili zikae majini peke yake usiku kucha, uzisuuze, kisha uzichanganye na nyingine bila kuzikata tena. Tulipu nazo zinaendelea kurefuka hata baada ya kukatwa na huinamia mwanga, kwa hiyo geuza chombo kila siku. Ukizinunua, chagua zilizofumba, rangi ikiwa imeanza tu kuchungulia.

Limau nalo lina sehemu yake: nyama yake inaoza majini na kulisha bakteria, nao huziba mabua. Kama unapenda vipande vionekane, na mimi navipenda, chukua chombo kikubwa cha kioo, simamisha bilauri ndani yake. Maua na maji yao yakae kwenye bilauri. Vipande vya limau vizunguke nje, kati ya kioo na kioo, pamoja na maji yao. Badilisha maji yote kila baada ya siku mbili, na kila mara punguza mabua ya tulipu kwa kukata mshazari. Maji yaliyokaliwa na dafodili yana sumu, basi yamwage mahali ambapo paka au mtoto hawezi kuyafikia.