Umeshalipia Trela, Sasa Utalilaza Wapi?

Juzi usiku msomaji mmoja, kijana anayeishi huku huku Marekani, kaniandikia akiwa na furaha tele: "Kaka, hatimaye na mimi! Nimelipa arbuni ya trela la kusafiria, futi 28, lina jiko, choo na kitanda kikubwa. Ninunue ndoano gani ya kulivutia?" Nikamjibu kwa swali moja: utalilaza wapi? Akacheka. "Kaka, nyumba yangu, uwanja wangu. Nani atanikataza?"

Maneno hayo nayajua mpaka sauti yake. Niliyasema mimi miaka minne iliyopita, siku nilipoleta langu.

Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo: Ijumaa jioni unaunganisha, Jumamosi watoto wanaamkia ziwani, hakuna habari ya kutafuta hoteli. Siwakatishi tamaa. Langu bado ninalo, na leo limesimama juu ya zege nililolimwaga kwa kibali, tena zege zuri, njooni mlione. Ila kufika hapo nilipita kwenye aibu.

Lilifika siku ya Jumamosi. Kulirudisha nyuma kulinichukua karibu saa nzima, maana ukikata usukani kulia trela lenyewe linakwenda kushoto. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee mmoja mpole, alitoka na kandambili zake akasimama nyuma yangu akinipungia mikono: njoo, njoo, hapo hapo, simama. Lilipotulia mbele ya gereji akapiga makofi. Mke wangu akampelekea chai. Wiki iliyofuata binamu yangu akaja kututembelea, nyumba ikajaa, tukaona alale kwenye trela. Nikavuta waya wa umeme kutoka gereji, nikamwachia taa, nikajiona mwenyeji wa maana. Alilala siku nne.

Siku ya kumi na moja nikakuta barua ya jiji. Makosa matatu. Trela limezidi futi 24, na la urefu huo halikai mbele ya nyumba. Limekaa kupita saa 48 zinazotolewa kwa kupakia na kupakua mizigo. Na kuna mtu ameonekana akiishi ndani. Nilipewa siku kumi, baada ya hapo ni faini kwa kila siku.

Hilo la kwanza ndilo lililonitoa povu. Ubavuni mwa trela langu kuna namba 22, kubwa, ya rangi ya fedha. Ishirini na mbili! Nikatoka na tepu, nikamshikisha mwanangu ncha moja kwenye bampa la nyuma, nikatembea nayo hadi mbele. Nikapita ukuta wa chumba, nikapita mitungi miwili ya gesi, nikafika kwenye ncha ya ule ulimi wa chuma unaoshikana na gari. Futi 25 na inchi 11. Mwanangu akaja akasoma mwenyewe, akaniangalia, akakaa kimya. Kumbe ile namba ni jina la modeli tu. Urefu kamili umeandikwa kwenye karatasi za mtengenezaji, kwa herufi ndogo, ukurasa ambao sikuufungua kwa sababu nilikuwa nimeshapenda rangi ya makochi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: pima. Pima kuanzia ncha ya ulimi hadi bampa. Usimsikilize muuzaji, usisikilize namba ya ubavuni.

Nilikwenda ofisi ya mipango ya jiji nikiwa nimejaa hasira. Njiani nilikuwa nimeshampigia rafiki mmoja anayejua mambo ya sheria nikamwambia naenda mahakamani, haiwezekani mtu alipe kodi ya ardhi kisha apangiwe pa kuweka mali yake. Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia vita hivyo vilikwisha mwaka 1926, pale Mahakama Kuu ya Marekani ilipokipa ushindi kijiji cha Euclid, Ohio, dhidi ya kampuni ya ardhi iliyodai kwamba kijiji hakina haki ya kuipangia matumizi ya eneo lake. Tangu hapo miji mingi ya nchi hii hugawa ardhi kwa kanda na kusema kipi kikae wapi. "Wewe na trela lako," akasema, "mmechelewa karibu miaka mia."

Kaunta nilimkuta mama mmoja mwenye penseli sikioni. Hakubishana nami. Alichora mraba, akasema hii ni nyumba yako. Akachora mstari ukigusa uso wa nyumba na kupitiliza pande zote mbili hadi mpakani. "Matatizo yako yote yako mbele ya mstari huu," akasema. Kile kichoro ninacho mpaka leo, kiko kwenye droo ya jikoni.

Na kweli, ukishauelewa ule mstari umeelewa nusu ya sheria. Miji mingi inabana sana mbele ya nyumba na kulegeza kamba ubavuni na nyuma. Kwetu, nyuma ya mstari unaweza kuweka hata la futi 30, ila likae futi 3 kutoka mpaka wa jirani, liwe juu ya zege, lami au kokoto zilizoshindiliwa, si juu ya majani, na liwe nyuma ya uzio wa futi 6. (Trela lina kimo cha karibu futi 11 kutoka chini hadi juu. Kiyoyozi cha juu ya paa kinachungulia mtaa mzima kama twiga. Sheria imetimia.) Nyumba ya kona ina masharti ya ziada, kwa sababu madereva wanatakiwa kuona njia panda. Ile njia ya waenda kwa miguu inayokatiza mbele ya gereji yako si yako, hata ukiifagia kila siku. Bampa likiizidi tu, umekosa. Waya wa umeme usipite juu yake. Na maji machafu ya trela usithubutu kuyamwaga kwenye mtaro wa mvua.

Barabarani nako usijidanganye. Los Angeles, kwa mfano, gari lolote likikaa sehemu moja barabarani zaidi ya saa 72 linaweza kuvutwa, na miji mingine haitaki kabisa magari ya kulala yalale barabarani.

Halafu kuna chama cha wenye nyumba, HOA. Mimi sina, namshukuru Mungu. Wewe kama unacho, jua kwamba ruhusa ya jiji haikusaidii pale chama kikikataza, kwa sababu masharti yake yameambatana na nyumba na uliyakubali siku uliponunua, uliyasoma hukuyasoma. Yako kwenye ile bahasha nene uliyopewa pamoja na funguo. Itafute. Soma sheria ya jiji, soma ya chama, kisha soma tena kabla hujalipa arbuni. Wengi wetu tunapenda kuuliza baada ya harusi. Tunanunua kwanza, tunapiga picha, tunarusha, ndipo tunatafuta pa kuweka. Tuache.

Miezi mitatu iliyofuata siisimulii. Trela lilikaa kwenye maegesho ya kukodi nje ya mji, nililipa, niliumia.

Nilichokifanya baadaye ndicho ninachojivunia. Ubavuni mwa nyumba yangu, kutoka ukutani hadi mpaka wa jirani, kuna futi 12. Trela lina upana wa futi 8. Toa futi 3 za jirani, inabaki futi moja kati ya trela na ukuta wangu. Nilihamisha bomba la mvua, nikapanua geti, nikaomba kibali cha zege. Afisa alipokuja kukagua aliangalia kila kitu, akaridhika, akafunga faili. Kisha akainua kichwa akauliza: "Lile dirisha ni la chumba gani?" La mwanangu. Dirisha la chumba cha kulala ni njia ya kutokea moto ukiwaka, huwezi kuliziba na trela. Miguu iliniisha nguvu. Sikuwa nimewaza faini wala futi tena, nilimwaza yule mtoto aliyenishikia tepu. Tukasogeza zege nyuma futi 9, likapita dirisha. Hiyo ndiyo sheria pekee ambayo sijawahi kuinung'unikia.

Kuna jambo moja bado linaniuma. Afisa alinieleza kwamba jiji halizunguki kutafuta matrela. Ile barua ilitoka kwa sababu mtu alipiga simu. Nani? Hakusema, wala hakupaswa kusema. Lakini aliyepiga alijua kuwa mtu amelala ndani usiku, na kutoka barabarani taa ile haikuonekana, ilionekana kutoka ng'ambo tu. Yule mzee bado tunapungiana mikono. Chai hatujampelekea tena. Pengine namsingizia, na kama namsingizia basi nimemkosea miaka minne. Wewe mpelekee jirani habari kabla hujampelekea trela. Mwambie linakuja lini, litakaa wapi, litaondoka lini.

Yule kijana nilimwagiza apime uwanja wake usiku uleule. Jana asubuhi alinitumia picha, tepu imelala kutoka mlango wa gereji hadi ukingo wa njia ya waenda kwa miguu: futi 21. Nikamuuliza kama arbuni inarudishwa. Alama mbili za bluu zimeonekana, jibu bado.