Ploti ya 50 kwa 100, hati inasema hekta 0.045

Ndugu, umeuliza kama umepunjwa ploti yako ya Kisauni. Kwa hesabu hiyo pekee, la. "50 kwa 100" ni lugha ya madalali. Hatimiliki huandikwa kwa hekta. Futi 50 ni mita 15.24, futi 100 ni mita 30.48, jumla mita za mraba 464.5. Wapimaji wengi hukata 15 kwa 30, ndiyo 450, yaani hekta 0.045. Aliyekuambia ni "nusu robo eka" ndiye aliyekuongezea chumvi: hiyo ni mita za mraba 506.

Kubwa ni bikoni, yaani alama za mpaka kwenye kona za ploti. Fanya sachi, yaani ukaguzi wa rekodi za ardhi, chukua na ramani ya usajili, kisha mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe bikoni zote nne. Mbele yake vuta tepu ya mita, si ya futi, pande zote na kona kwa kona. Kwa 15 kwa 30, kila mshazari uwe karibu mita 33.54, na miwili hiyo ikipishana sana, ploti imekaa upande. Tepu ikilegea au ikipita juu ya vichaka, kipimo huzidi, nawe utadhani uko sawa.

Usijenge ukuta kabla ya hapo.