Umelijaribia wapi?

Kijana mpya akija gereji kwetu Korogwe, namkabidhi daftari kabla ya spana. Wengi hucheka. Ndipo ninapowasimulia habari za gari la Kiingereza, Rolls-Royce 40/50, ile ya kale iitwayo Silver Ghost.

Mwaka 1907 Claude Johnson, meneja wa kampuni, alilitoa gari moja la rangi ya fedha, chesisi namba 60551, likapigishwa safari za London na Glasgow, kwenda na kurudi, usiku na mchana, Jumapili tu likipumzika. Waangalizi wa Royal Automobile Club, chama cha wenye magari cha Uingereza, walikuwa wakiandika kila kitu. Maili 15,000, yaani kilomita 24,000 na ushee. Ukiacha mambo ya matairi, lilisimama lenyewe mara moja tu, kwenye maili ya 629. Injini ilikuwa nzima, gia boksi nayo nzima. Koki ya petroli ilijifunga kwa mtikisiko! Wakaifungua, safari ikaendelea. Mwishoni gari lilifumuliwa lote, kila kipuri kikapimwa, na vilivyohitaji kubadilishwa vikagharimu pauni 2 na ushee.

Hiyo koki naikumbuka kila siku, maana na mimi yalinikuta. Nilishusha injini ya pikapu, nikaifunga upya kwa siku nne, nikaiwasha ikanguruma vizuri pale pale uani. Mwenyewe akaondoka. Jioni akarudi akivutwa kwa kamba: klipu ya paipu ya maji sikuikaza. Laiti ningeliendesha nusu saa tu.

Kuendesha nako kuna namna. Mwaka 1912 Mwingereza James Radley alilipeleka gari lake la aina hiyo hiyo kwenye mashindano ya milima ya Alpi. Kwenye kona za Katschberg, Austria, likagoma kuondoka mpaka abiria waliposhuka. Lilikuwa na gia tatu, na ya kwanza ilikuwa ya kasi mno, haina nguvu ya kutosha kwa mlima ule. Zile maili zote za London na Glasgow zisingeweza kulionyesha hilo. Kampuni haikubishana, 1913 ilirudi huko na magari ya gia nne, yakapanda.

Kwa hiyo mteja akitoka Lushoto, huko milimani, msinijaribie gari lake kwenye lami ya tambarare ya Segera halafu mniambie liko fiti. Pelekeni Mombo, lipande zile kona za kwenda Lushoto, na watu ndani. Simameni katikati ya mlima, liondoke tena. Andikeni: gia ipi, geji ya joto iko wapi, mlio umetokea mkipanda au mkiachia mafuta. "Linalia lia" si maelezo.

Mkirudi, tandikeni kadibodi safi chini ya injini, mkanywe chai. Tone likidondoka, mjue limetoka wapi kabla hamjamwita mwenye gari.