Pinki na majirani zake

SWALI: Mhariri, salaam. Binti yangu anaagwa mwezi ujao, naye ameshikilia kwamba sare ya kina mama iwe ya pinki. Kitambaa tumekwisha kununua, satini iliyokolea inayoelekea zambarau, ila tumegawanyika kuhusu vilemba na mapambo ya ukumbi. Shangazi zake wanataka dhahabu tupu, wifi yangu anataka nyekundu, na mpambaji anatuvuta kwenye kijivu. Tumsikilize nani? (Mama wa binti, Tabata)

JIBU: Hongera, mama, kwa kumfikisha binti hapo. Umefanya vyema kutueleza pinki yenyewe ni ya namna gani, maana chini ya jina hilo zimo rangi zisizopatana hata zenyewe kwa zenyewe: ipo inayoelekea machungwa, kama nyama ya pera lililoiva, na ipo yenye zambarau ndani yake, kama hiyo yenu.

Kwa vilemba sisi tungechagua rangi ambayo hakuna aliyeitaja, yaani kijani kilichokolea cha jani la mwembe. Pinki ni nyekundu iliyopunguzwa ukali, na katika duara la rangi wanalotumia wachoraji, kijani hukaa mkabala na nyekundu, hivyo kila moja humfanya mwenzake aonekane zaidi. Sharti ni kwamba kijani kiwe cheusi kuliko satini, kwa sababu rangi mbili zinazokabiliana zikiwa na mwanga sawa, macho hukosa pa kutulia.

Mpambaji wenu hajakosea, ila kijivu kina hila. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha ufumaji cha Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimepauka, naye akabaini kwamba kasoro haikuwa kwenye nyuzi bali kwenye rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kwa hiyo kijivu kikizungukwa na pinki huonekana kimeingiwa na ukijani. Mkikitaka, chagueni chenye chembe ya zambarau.

Wifi naye asogee kidogo kutoka nyekundu hadi damu ya mzee, kwani nyekundu ya kawaida na pinki yenu zitagombania kutazamwa. Dhahabu iishie kwenye hereni, mikoba na ukingo wa kilemba. Satini inang'aa vya kutosha.

Kabla ya kulipa, kata kipande cha satini chenye ukubwa wa kiganja uende nacho Kariakoo, wala usitegemee picha ya simu. Kiweke juu ya jora, umwombe muuzaji utoke navyo hadi mlangoni kwenye jua, kisha uombe sampuli ukaitazame usiku chini ya taa za rangi ileile ya ukumbi. Taa za manjano huisogeza pinki ya zambarau kuelekea nyekundu, na bluu iliyokolea huifanya iwe kama nyeusi. Tumewahi kuona kina mama waliovaa vilemba vya bluu wakidhaniwa wametoka msibani.

SWALI: Nimenunua shati la pinki iliyofifia la kuvaa kazini. Wenzangu wanasema ni rangi ya kike. Nilivae na suruali gani? (Kijana, Kinondoni)

JIBU: Gazeti la Financial Times la London limechapishwa kwenye karatasi ya pinki tangu mwaka 1893, na wanaume wa mabenki hulikunjua hadharani bila haya, kwa hiyo wenzako wasikusumbue. Suruali ya bluu iliyokolea ndiyo chaguo la kwanza, na kijivu cha mkaa kinafuata. Kaki tungeiacha, kwa kuwa mwanga wake unakaribiana mno na wa shati hilo, na ukitazamwa kwa mbali utaonekana kama uliyevaa nguo moja iliyopauka. Viatu na mkanda viwe vya kahawia. Vyeusi pia havina ubaya, ila kahawia hupoza vizuri zaidi, hasa mchana wa jua kali. Tai, ikiwa ofisi yenu inaidai, iwe ya damu ya mzee isiyo na maua.