Kambi ya voliboli kwa binti wa miaka 15: uliza haya kabla ya kulipa

Dada, nimekuelewa: binti yako ni seta (anayewapangia mpira washambuliaji) shuleni huko Texas, na unasita kati ya kambi ya kiangazi ya chuo kikuu chenye jina, kilichomtumia barua ya "mwaliko", na ile ya klabu ya jirani. Mimi ningechukua ya klabu, mradi ina vipindi vya maseta peke yao.

Seta hujengeka kwa kugusa mpira mara nyingi, kocha akimrekebisha vidole na miguu papo hapo. Kwa hiyo uliza kila wavu una wachezaji wangapi. Wakiwa ishirini, mtoto atashinda kutwa kwenye foleni. Uliza pia nani hasa anafundisha, maana kwenye kambi kubwa kazi nyingi hufanywa na wanafunzi wa chuo, kocha mkuu akipita kusalimia.

Ile barua ya "mwaliko" isikupe presha. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinataka kambi za vyuo ziwe wazi kwa yeyote, kikomo kikiwa idadi, umri, darasa au jinsia tu. Na makocha wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, hawaruhusiwi kuzungumza na binti yako habari za kumsajili timuni hadi Juni 15 baada ya kumaliza darasa la kumi.

Bei ikikushinda, omba punguzo. Klabu nyingi husaidia, ila hazitangazi.

Angalizo moja: akiumwa chini ya pia ya goti anaporuka, mwone daktari wa michezo kwanza. Siku nzima ya kuruka itamzidishia, na majaribio ya timu ya shule ni Agosti.