Simu ya megapikseli 50 au kamera ya mtumba ya megapikseli 24? Angalia mwanga kwanza

Mkuu, umesema una simu ya megapikseli 50, umeona kamera ya mtumba ya megapikseli 24 inayouzwa na lenzi yake ya milimita 18-55, na unaogopa kwamba ukiinunua utakuwa umerudi nyuma. Umesema pia picha zako za mchana ni safi, ila usiku ndani ya nyumba sura ya mtoto inatoka kama imepakwa rangi ya maji, na akikimbia ndiyo basi tena. Njia hiyo nimeipita mwenyewe, na pesa nilizipoteza kwa kununua kitu sahihi kwa mpangilio usio sahihi. Ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Megapikseli kwanza, tuzimalize: moja ni nukta milioni moja za picha, na kila nukta huitwa pikseli. Picha ya albamu, ile ya inchi 6 kwa 4, ikichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji pikseli 1800 kwa 1200. Zidisha, unapata megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 hauzidi 9. Kulikuwa na wakati namba hii ilikuwa na maana kubwa: kamera ya dijitali aliyoiunda Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975 ilikuwa na pikseli 100 kwa 100 tu, yaani kwa kipimo hichohicho cha uchapaji ingetoa picha yenye upana wa theluthi ya inchi. Leo simu yako na hiyo kamera zote zimeshavuka mahitaji yako kwa mbali. Tena simu nyingi za megapikseli 50 hazikupi 50 ukibonyeza kawaida. Zinaunganisha pikseli nne kuwa moja na kukuletea picha ya 12 na nusu, kwa sababu pikseli moja peke yake ni ndogo mno, haipati mwanga wa kutosha. Shida yako iko hapo kwenye mwanga.

Sensa ya kamera za aina hiyo, zinazoitwa APS-C, ina milimita 23.5 kwa 15.6 hivi. Sensa nyingi za simu hazifiki hata milimita 10 kwa upande wake mrefu. Ukipiga hesabu ya eneo, kamera inakusanya mwanga kwenye uso mkubwa mara tano au zaidi. Mwanga ukiwa mdogo, picha inajaa chenga, yaani vinukta-vinukta kama mchanga. Simu inajua hilo na inajitetea kwa njia mbili. Ya kwanza, inazipangusa chenga kwa programu, na katika kupangusa inapangusa na vinyweleo, nyuzi za nguo na ngozi. Ile rangi ya maji unayoilalamikia imetokea hapo. Ya pili, inapiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Kwa mnara, meza au mtu aliyetulia, matokeo yanapendeza kweli. Mtoto wako hatulii. Katika picha ya kwanza mkono uko hapa, katika ya tano umeshafika kule, na programu inabaki kukisia.

Kwa hiyo kamera inunue. Lakini nisikilize vizuri hapa: ukiinunua na ile lenzi ya 18-55 peke yake, ukaenda nayo sebuleni usiku, utavunjika moyo kuliko ulivyo sasa. Mimi nilivunjika. Miezi ya mwanzo nilikuwa naona simu ikinishinda, nikadhani nimeuziwa kamera mbovu. Kamera ilikuwa nzima kabisa, ila lenzi ile ukiivuta hadi mwisho tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Namba ya f ni urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita zake, kama 18 au 55) uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu, ndiyo maana namba ndogo ni tundu kubwa. Kwenye milimita 50, f/5.6 ni tundu la milimita 9. Kwenye urefu huohuo, f/1.8 ni tundu la karibu milimita 28. Mwanga unaopita unafuata eneo, siyo kipenyo, kwa hiyo tofauti inakaribia mara kumi.

Tafsiri yake sebuleni ni hii. Chini ya balbu moja, na ISO (kiwango cha kamera kuukuza mwanga, kikipanda chenga zinaongezeka) ikiwa 6400, lenzi ya f/5.6 ilikuwa inanilazimisha kufungua shata, yaani pazia la mbele ya sensa, kwa sekunde 1/30. Mtu akigeuza shingo tu, picha imetikisika. Kwa balbu ileile na ISO ileile, lenzi ya f/1.8 ilinipa 1/250, na mtoto anayecheza anasimama kwenye picha. Akikimbia hasa utataka 1/500, hapo itabidi uongeze mwanga au ISO. Kamera sikuibadilisha, nilibadilisha kioo kilichoko mbele yake.

Lenzi za f/1.8 zisizovutika huwa miongoni mwa lenzi za bei nafuu za kampuni nyingi, na za mtumba zipo nyingi. Watu watakwambia ununue 50. Mimi nilianza na 50, na kwenye APS-C inabana picha kama 75 au 80 ya kamera yenye sensa kubwa. Katika chumba cha kawaida utajikuta mgongo umegusa ukuta na bado miguu ya mtoto imekatwa. Kwa mtoto ndani ya nyumba chukua 35. Ile 50 ni tamu kwa sura ya mtu mmoja, iache ije baadaye.

Kuna jambo moja la kuzoea. Kwenye f/1.8, ukiwa karibu, sehemu iliyo kali ni nyembamba sana: jicho moja limeshikwa, la pili limeanza kupotea. Weka nukta ya fokasi juu ya jicho lililo karibu nawe, na wakiwa watu wawili funga tundu hadi f/2.8 au f/4.

Sasa nikuelezee picha moja, maana ndiyo iliyonifundisha kuliko video zote nilizotazama. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, anatunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa na simu mfukoni na kamera mkononi, nikapiga kwa zote mbili. Aliulowanisha uzi kwa midomo, akausokota ncha kwa vidole viwili, akainua sindano juu kidogo ili tundu lake lipate mwanga wa dirishani. Nilikuwa kwenye f/2, sekunde 1/200, ISO 400. Jioni nikazifungua picha zote mbili kwenye kompyuta, nikaziweka ubavuni kwa ubavu. Kwenye ya simu sindano ipo, vidole vipo, uzi umeyeyuka: kuna kamstari kanaanza kwenye kidole halafu kanaishia hewani, kwa sababu programu ilidhani ni chenga ikakafuta. Kwenye ya kamera uzi unaonekana wote hadi nyuzinyuzi mbili zilizochanika pembeni ya ncha, zile zilizokuwa zinamzuia usiingie. Alikuwa anahangaika na nyuzi hizo mbili, na simu haikuziona.

Angalia pia nilichokifanya kabla ya kupiga: nilizima taa ya chumbani, na nakuomba ulijaribu hili leo hata kwa simu. Mwanga wa dirisha ni wa bluu kidogo, wa balbu mara nyingi ni wa njano, na vikichanganyika upande mmoja wa uso unakuwa wa mgonjwa na hakuna mpangilio wa rangi utakaorekebisha pande zote mbili. Zima taa, msogeze mtu dirishani, mwanga umpige ubavuni. Kwa wiki nzima piga hivyo tu.

Mipangilio usiiogope. Weka gurudumu kwenye A (kwenye Canon limeandikwa Av), chagua tundu wewe mwenyewe, kisha ISO iache ijipange na uiwekee kikomo. Mimi kikomo changu ni 6400. Menyu ikiruhusu, weka na kasi ya chini kabisa ya shata kuwa 1/125 ili isikushushie bila wewe kujua. Rekodi RAW (data ghafi ya sensa) pamoja na JPEG (picha ya kawaida iliyokwisha kutengenezwa na kamera). Kila rangi kwenye JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga, na RAW ya biti 14 ina 16,384. Mwezi wa kwanza hutaiona tofauti, ila siku sura ya mtu imetoka na giza na unataka kuiongezea mwanga bila kuiharibu utashukuru. Darktable ni programu ya bure na inafungua RAW za kamera nyingi.

Jambo la mwisho hukuuliza, lakini siwezi kuliacha. Picha zile za bibi karibu zipotee zote. Nilichomeka kadi kwenye kompyuta, nikaanza kunakili, nikainuka. Waya wa kisomea kadi ulilegea katikati ya kazi. Niliporudi niliona folda ina picha, nikachukua kadi, nikairudisha kwenye kamera, nikaifomati. Kesho yake ndipo nilipozihesabu. Zilikuwa nusu. Kwa bahati nilikuwa sijapiga picha nyingine, na hilo ndilo lililoniokoa: fomati ya kawaida ya kamera inafuta orodha ya mafaili tu, picha zenyewe zinabaki kwenye kadi hadi uandike nyingine juu yake. Nilitumia PhotoRec, programu ya bure, nikaiacha inasoma kadi kwa muda mrefu huku nimeikodolea macho. Zilirudi nyingi bila majina yake ya zamani, na chache hazikurudi. Bibi hatunaye tena. Kila nikizifungua picha hizo nakumbuka kwamba ningebonyeza shata mara moja tu baada ya ile fomati, labda sindano ile ingefunikwa.

Tangu siku hiyo sifomati kadi kabla sijalinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili. Nakala ninazo tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na moja nje ya nyumba, kwa sababu mwizi au moto hachagui kifaa. Simu yako nayo ihesabu humo. Picha zilizoko kwenye simu tu, siku simu ikizama majini zimekwenda.

Na kama unategemea WhatsApp kuwa ndiyo hifadhi, acha. Inapunguza ukubwa wa picha ukiituma kawaida. Unayotaka ifike ilivyo itume kama hati. Ila kumbuka hati inabeba na taarifa za ndani ya faili, na kama simu yako inarekodi mahali, basi unamtumia mtu na ramani ya kwako. Kwa picha za mtoto, zima kurekodi mahali kwenye kamera ya simu.

Kuhusu mtumba wenyewe. Uliza idadi ya mibonyezo ya shata. Kamera nyingi za daraja la kuanzia shata zake hukadiriwa kufikia 100,000 hivi, ingawa nyingine huvuka bila tatizo. Toa betri na uirudishe: ikigoma kutoka, imevimba. Kama ni Nikon ya familia ya D3000 au D5000, haina mota ya fokasi ndani ya mwili, kwa hiyo hakikisha lenzi ina mota yake yenyewe, yaani iandikwe AF-S (AF-P nayo inayo, ila miili ya zamani ya familia hizo haiifokasi), la sivyo utafokasi kwa mkono kila siku. Kama kamera ni ya zamani sana, soma kama inapokea kadi za SDXC, zile zinazozidi GB 32, kabla hujanunua kadi kubwa.

Lenzi ndiyo uikague kwa muda mrefu. Ondoa vifuniko vyote viwili, fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja na uangalie upande wa pili kwa kuinamisha. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, huo ni ukungu unaoota, unakula rangi ya juu ya kioo, iache hata ikipunguzwa nusu. Kisha piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, ukiwa umeivuruga fokasi makusudi. Vidoa vya kijivu vinavyobaki mahali palepale kwenye kila picha ni uchafu wa sensa. Vingi vinatoka kwa kipuliza cha mkono, ila usipulize kwa mdomo, mate yakigusa pale ni kazi nyingine.

Piga hiyo ya ukuta, na nyingine ya mtoto usiku kwa lenzi hiyohiyo ya muuzaji, uziweke hapa na mipangilio yake. Tutaziangalia pamoja kabla hujalipa.