Vitimbi, antena ya mwanzi na macho ya bibi

Mleta mada kauliza ni kipindi gani cha utotoni ambacho ukikisikia tu, nyumba yenu nzima inakurudia. Kwangu ni Vitimbi, vichekesho vya KBC, TV ya Kenya, na nyumba yenyewe ni ya bibi mzaa mama, Ngamiani, Tanga.

Wadogo zetu huenda wakashangaa watoto wa Tanzania kukulia kwenye TV ya Kenya. Bara hapakuwa na kituo hata kimoja mpaka miaka ya 1990. Zanzibar walikuwa na yao tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, huku bara tukiendelea na redio. Sisi wa Tanga tuliponea kwa jirani: antena ikielekea baharini unapata TVZ, ukiigeuza kaskazini unapata Wakenya.

TV ilikuwa ya mjomba, baharia, nyeusi na nyeupe. Antena aliifunga juu ya mwanzi mrefu uani, na kaka yangu ndiye aliyekuwa na kazi ya kuuzungusha. Ndani watu wanapiga kelele: "Geuza! Kidogo! Hapo hapo, usiachie!" Jioni za joto, upepo umelala, picha ilitulia kama maji ya mtungini. Siku nyingine ni chenga tupu, unabaki na sauti. Wanawake na watoto mkekani, wanaume barazani wanachungulia dirishani na vikombe vyao vya kahawa.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kuwe na chenga kusiwe na chenga, kwake mamoja. Alinikalisha ubavuni akaniambia, "Haya mume wangu, nionee." Sauti za wahusika alizijua zote, Mzee Ojwang', Mama Kayai, Masanduku, hakuhitaji kuambiwa nani anasema. Alichotaka ni yale yasiyosemwa: nani kanuna, nani kajificha, nani anakonyeza. Watu wakicheka kabla sijamweleza, ananifinya paja. Kwa hiyo nilijifunza kuutazama uso wa Ojwang' kabla hajafungua kinywa, maana uso wake ulikuwa unatangulia maneno, na mimi nilitakiwa niuwahi.

Ojwang' alimpenda kuliko wote, na alikuwa na sababu. Ujanani aliishi na babu kambini, kwenye shamba la mkonge, watu wa kila kabila, na jirani yake wa mlango kwa mlango alikuwa mama wa Kijaluo. Mama yangu alipozaliwa, huyo mama ndiye aliyempokea. Baadaye wakahama, wakapotezana moja kwa moja. Sasa Ojwang' akianza kuongea na ile lafudhi yake ya Kijaluo, bibi anasema, "Msikilizeni. Huyu ni wa kwao kabisa. Kiswahili chake ndicho kile kile." Baadhi ya usiku alikuwa hacheki hata pale wote tunapocheka. Anasikiliza tu.

Julai 2015 nikasoma kwenye simu kwamba Mzee Ojwang' amefariki. Bibi alikuwa hai, macho yameshazima kabisa. Nikamsomea habari yote, hadi nikafika mahali pa jina lake halisi, Benson Wanjau, na kwamba alikuwa Mkikuyu.

"Mkikuyu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na ile lafudhi?"

"Alikuwa anaigiza."

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani nimemharibia. Halafu akasema, "Basi kuna Mjaluo alimsikiliza vizuri sana."

Akaniuliza Mama Kayai yuko wapi. Nikamwambia yupo, ila wale hawakuwa mke na mume kweli, ni mchezo tu.

"Hilo najua, mume wangu. Lakini mtu umekaa naye miaka yote ile. Kama kuna namna kwenye hiyo simu yako, mpelekee pole."

Nikaandika. Akataka nimsomee nilivyoandika kabla sijatuma.